Kwinini Mbele ya Buibui

Mama yangu, Mwanaupe binti Nassibu, alikuwa mwoga. Asije mtu akanikatalia, maana mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja mpaka nikavunja ungo. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wenye pembe ndefu, aliogopa lori la pamba likipita karibu. Hata kicheko kikizidi aliogopa, akisema kinaita kilio. Watu wa Bunda mjini walimtania kwa hilo, naye akawajibu kwa methali ile ile kila mara: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi methali hiyo niliichukia. Nilitaka mama shujaa, mama wa kumfokea mgambo sokoni na watu wakasimulia.

Ajabu ni kwamba mwoga huyu ndiye aliyekuwa akiwaamulia watu dawa ipi wanywe na ipi watupe.

Akiwa msichana alifanya kazi ya kuosha chupa katika duka la dawa la Mhindi mmoja pale Musoma. Mhindi yule alikuwa na desturi yake. Mzigo wa kwinini ukifika, hauuzi mpaka auonyeshe jua. Anatia punje chache kwenye glasi ya maji, anadondosha tone la tindikali, kisha anaisimamisha glasi juani mbele ya kitambaa cheusi na kuitazama kwa ubavu. Kama ni kwinini ya kweli, pale jua linapoingilia maji panatokea ukungu wa buluu. Ukiirudisha glasi kivulini, buluu inaondoka na maji yanabaki maji. Kama ni unga wa kitu kingine, utatazama mpaka macho yakuume usione kitu.

Hakuna aliyemfundisha Mama. Aliziosha tu glasi hizo, na macho anayo. Mhindi alipofunga duka na kuhama nchi, Mama akaolewa Bunda na marehemu baba, akaja na ujuzi huo mmoja kama mwenzake anavyokuja na sufuria. Tindikali hakuwa nayo, akatumia ndimu iliyochujwa kwenye kitambaa. Kitambaa cheusi nacho hakuwa nacho, akatumia buibui lake. Analitundika kwenye kamba ya nguo uani, anaweka glasi juu ya kinu mbele yake, anachutama. Ukimwona kwa mbali ungedhani anamwamkia mtu.

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Miaka ya themanini ilipoingia na ukata wake, haikuwa mchezo tena. Hospitalini unaandikiwa dawa na kuambiwa ukaitafute mwenyewe. Dawa ilipitia Sirari, mpakani, kwa magendo, na wauzaji wake walikuwa na roho za kila namna. Walikuwepo waliochanganya unga wa muhogo na maji ya mwarobaini, wakakausha, wakaukandamiza kuwa vidonge. Ulikuwa mchungu kiasi cha kukunja uso. Ulimi wa mtu uliukubali, na homa ikaendelea na kazi yake. Kwa hiyo watu wakawa wanakuja kwetu kupitia mlango wa nyuma, mwenye vidonge viwili ndani ya kilemba, mwenye unga kwenye karatasi ya sigara, ili Mama aviangalie.

Halafu ukaja mwaka wa themanini na tatu na msako wa wahujumu uchumi. Aliyekuwepo anajua. Watu walimwaga mafuta ya kula mitaroni wasikutwe nayo. Sabuni zilitupwa chooni, na vitenge vikatupwa ziwani kule Musoma, vikaelea, mgambo wakavivua kama sato. Mama alishikwa na hofu ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. Akiletewa dawa anamwambia mwenyewe aingie uvunguni mwa kitanda mpaka amalize kupima. Nakumbuka mzee mmoja wa Nyamuswa, mnene, alikwama huko na tukalazimika kuinua kitanda. Nilicheka mpaka nikalia. Mama hakucheka.

Homa ilinikamata mimi mwaka huo huo, wakati wa kuuza pamba. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Siku ya kwanza nililalamika, siku ya pili sikulalamika tena, na ya tatu nilikuwa nikizungumza na watu wasiokuwepo. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Walinipeleka kwa mkokoteni hadi kituo cha afya kilichokuwa nje ya mji, njia ya Nyamuswa.

Yaliyofuata sikuyaona. Nilikuwepo, ila nilikuwepo kama gunia linavyokuwepo. Nimesimuliwa na Baba mdogo Jumanne, mdogo wake baba, na Mganga Silasi aliyekuwa akishika kituo kile. Wawili hawa hawapatani katika jambo lolote isipokuwa hili.

Silasi alimwambia Mama bila kuzunguka kwamba kwinini ya sindano haipo, haipo Bunda na haipo Musoma, na kwamba nisipoipata sitafika mbali. Jumanne akaenda mpakani usiku huo huo. Alirudi kesho yake asubuhi kabla jua halijawa kali na vichupa vinne vya sindano ndani ya mkate alioutoboa katikati. Mama alikuwa amekwenda nyumbani kupika uji. Silasi hakumngoja mtu. Alivunja vichupa viwili, akaitia dawa yake kwenye chupa ya dripu, akanichoma. Vigae akavitumbukiza chooni, kwa sababu asubuhi ile mgambo walikuwa wameonekana barabarani wakipekua mizigo. Vile viwili vya zamu ya pili Jumanne akavibeba kwenda kuvificha nyumbani kwake, chini ya kuku anayeatamia.

Mama alipofika akakuta chupa inaning'inia na matone yanashuka. Swali lake la kwanza lilikuwa ni nani aliyemuuzia Jumanne. Silasi akalitaja jina, maana Jumanne alikuwa amelitaja. Mama akakaa chini sakafuni. Wiki hiyo hiyo alikuwa amepima vidonge vya mtu huyo huyo, na vilikuwa muhogo mtupu.

Aliomba apewe kidogo cha kile kilichomo kwenye chupa. Silasi alikataa. Mama akaomba tena kwa namna ambayo Silasi anasema hakuweza kuitazama, basi akavuta kidogo kwa bomba la sindano na kumtilia kwenye glasi. Mama alitoka nje. Ndimu alikuwa nayo kwenye pindo la kanga, hakutoka nyumbani bila ndimu siku zile. Akalivua buibui lake mbele ya wagonjwa na jamaa zao, yeye aliyekuwa akiona haya hata kuonekana kisigino, akalitundika kwenye ua wa miyaa, akaweka glasi juu ya jiwe.

Jua lilikuwa zuri. Glasi ilikuwa safi. Buluu haikutokea.

Alizungusha glasi. Akaongeza ndimu. Akalala kifudifudi kabisa mavumbini, jicho usawa wa maji. Yalikuwa maji tu, na nyuma yake buibui jeusi. Kwa Mama jambo hilo lilikuwa na maana moja. Kitu kilichokuwa kikiingia mshipani mwangu hakikuwa dawa, kilikuwa maji ya mtu asiyemjua, ya kisima au ya dimbwi, yenye lolote ndani yake. Muhogo unaomezwa unapita na kwenda zake. Uchafu unaoingia kwenye damu unaua siku hiyo hiyo, na hilo hata Silasi alikuwa amemwambia siku za nyuma.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama aliingia ndani mbio, akaishika sindano mkononi mwangu na kuichomoa.

"Mama Kudura, unamuua huyu mtoto," Silasi alisema.

"Mlishamuua ninyi," Mama akajibu. "Mimi naokoa kilichobaki."

Silasi alijaribu kumsogeza. Mama, mwoga wa ng'ombe na radi, akajilaza juu yangu na kuukumbatia ule mkono uliokuwa ukitoka damu, na hapakuwa na mtu wa kumbandua. Silasi alipopaza sauti, mtu mmoja akanong'ona kwamba mgambo wako kwenye duka la jirani, na wote wakanyamaza. Kituo kizima kikanyamaza. Dripu ilikuwa na dawa ya magendo, mganga angefungwa, Jumanne angefungwa, na mimi ningekufa hivyo hivyo. Silasi akaiteremsha chupa na kuificha nyuma ya pipa la maji. Wakakaa wakiwasikiliza mgambo wakibishana na mwenye duka.

Hapo ndipo degedege lilipoanza. Wanasema meno yangu yalisikika yakisagana hadi mlangoni. Mama alinitia kijiko mdomoni, akanipangusa kwa kitambaa cha maji, akanisomea kila alichokijua, na alipomaliza akaanza upya. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mimi siku ile miti yangu ilikuwa mmoja nyuma ya pipa na mwingine chini ya kuku.

Mgambo waliondoka bila kuingia. Jumanne alirudi alasiri akidhani atanikuta nimefumbua macho. Mama alimpiga kofi. Hakuwa amepata kumpiga mtu. Jumanne anasema kofi halikumuuma, kilichomwuma ni kwamba Mama alimwomba radhi hapo hapo, kisha akampiga tena. Aliapa kwamba vichupa vilikuwa na lakiri yake, na kwamba yule mtu vidonge alikuwa akivitengeneza mwenyewe lakini vichupa vya sindano aliviiba kwenye ghala la kweli.

Mama akamwambia akalete kimoja.

Jua lilikuwa limeanza kushuka, na wingu lilikuwa likipanda kutoka upande wa ziwa. Jumanne alikimbia. Mama alisimama uani na glasi mpya ya maji safi, ndimu tayari, buibui limetundikwa, akilitazama lile wingu. Bila jua hakuna cha kuona, na kesho haikuwepo. Jumanne alipofika anahema, manyoya ya kuku kwenye mikono ya shati, wingu lilikuwa limeshafunika. Silasi akavunja kichupa, wakadondosha tone moja. Wakachutama watu watatu wazima mbele ya glasi, wakangoja wingu. Jumanne anasema hajapata kusali kama alivyosali pale, na Silasi, Mkristo, alikuwa akiitikia amina.

Wingu likapasuka. Buluu ikatokea juu ya maji, tulivu, kama moshi wa jiko asubuhi.

Mama hakufurahi. Alitazama buluu ile, halafu akageuka kumtazama Silasi. "Ile ya kwanza ulitia kwenye maji gani?"

"Maji ya dripu. Ya chumvi. Ya sukari yaliishaga zamani."

Mama akaenda kwenye mafiga ya jamaa za wagonjwa, akachota chumvi kidogo kwenye kopo la mtu bila kuomba. Akarudi. Akaidondosha kwenye glasi yenye buluu na kukoroga kwa kidole. Buluu ilififia mbele yao, ikazidi kufifia, ikafa. Jua lilikuwa lile lile, dawa ile ile, glasi ile ile. Yalibaki maji na buibui.

Silasi anasema Mama alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno.

Dripu ilitolewa nyuma ya pipa. Mishipa yangu ilikuwa imelala, Silasi akanichoma mkono wa kulia, wa kushoto, akakosa, akaupata mshipa mguuni jua likizama. Mama hakuingia ndani. Alikaa nje mkabala na mlango, mikono ameikalia, asije akagusa kitu.

Nilipona. Sikio langu la kushoto halikurudi. Daktari mmoja alisema ni malaria, mwingine akasema ni kwinini yenyewe, wakati mwingine hufanya hivyo. Mama hakubishana na yeyote kati yao. Tangu siku hiyo alipozungumza nami alikaa upande wangu wa kulia, na sikumbuki hata mara moja aliposahau. Kuhusu ile sindano hakuwahi kunitamkia neno. Bunda nzima ilijua, wapika vitumbua walijua, mimi nilijua, na tulikaa mezani sote wawili tukila ugali na samaki furu kana kwamba hakuna lililotokea.

Kupima aliacha. Watu waligonga mlango wa nyuma, akawajibu kutoka ndani kwamba macho yamekufa. Walimsema vibaya, nami niliwajibu vibaya zaidi, kwa hilo sikurithi uoga wake. Baadaye biashara ikafunguliwa, sabuni zikarudi madukani, maduka ya dawa yakachipuka kila kona kama uyoga, na hakuna aliyemkumbuka tena mwanamke wa glasi na buibui. Dawa bandia hazikwisha. Zilipata tu vifungashio vizuri.

Mimi nikapata kazi Musoma, shule moja ya sekondari, msaidizi wa maabara. Kazi yenyewe ni kuosha chupa. Jumanne alicheka sana, akasema damu ni damu. Siku moja nilimwonyesha mwalimu wa kemia, Marcelina, ile buluu ya kwinini, kisha nikatia chumvi ikafa. Nilidhani nitamshangaza. Akaniambia hilo linajulikana, na akanieleza polepole. Chembe ya kwinini inapigwa na mwale wa jua ambao macho yetu hayauoni, inashtuka. Haiwezi kukaa hivyo, lazima itulie, na inapotulia inautoa ule mwanga wa buluu. Muda huo ni mfupi hata kupepesa jicho ni uzee mbele yake. Wapo wataalamu wa mbali wenye taa za kumulika kwa muda mfupi kuliko huo, wakaikamata chembe ikiwa bado katika mshtuko wake, na wameona kwamba maji ambamo chembe imo, na vilivyomo ndani ya maji hayo, ndivyo vinavyoamua itatulia vipi. Kwenye chumvi inagongwa kabla haijatoa mwanga, nguvu yake ikaishia kwenye maji kuwa joto.

Nilimwuliza kama dawa yenyewe inaharibika. Akasema hapana. Imo yote, haijapungua. Haionekani tu.

Nilipanda basi kwenda Bunda Jumamosi hiyo nikiwa na furaha ya kipumbavu, nikidhani nampelekea Mama zawadi. Nilimkuta akichambua dagaa. Nikamweleza yote, mshtuko na mwale na chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole kwenye ungo.

"Kwa hiyo ilikuwemo," akasema.

"Ilikuwemo, Mama."

"Ilikuwemo muda wote ule."

Uso wake ulibadilika, nikaogopa. Miaka yote alikuwa amejishikiza kwenye wazo kwamba labda chumvi iliiua dawa, kwamba alichokichomoa kilikuwa nusu dawa na nusu maji. Mimi na elimu yangu ya kuazima nikamwondolea hata hicho. Alirudi kwenye dagaa wake, akawachambua hadi magharibi. Nililala nikijilaumu na kumlaumu Marcelina, ambaye hakufanya kosa lolote.

Mwaka wa tisini na nne, wakati wa masika, Mama alikuja kunitembelea Musoma na homa ikamkuta kwangu. Alipona, na akaishi kuniudhi miaka mingine, lakini nataka nisimulie ile alasiri ya kwanza wodini. Kitanda chake kilikuwa kando ya dirisha linalotazama ziwa. Muuguzi alikuja na kwinini, safari hii ya hospitali, yenye muhuri, akaitia kwenye chupa, akamchoma na kwenda zake. Jua liliingia dirishani na kuipiga ile chupa sawasawa. Buibui la Mama lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma yake, wala hakuna aliyelipanga hivyo.

Nilimwona akitazama. Nami nikatazama. Yalikuwa maji tu.

Aliniuliza ni maji gani. Ningeweza kumdanganya, kusoma Kizungu hajui. Niliisoma karatasi ya chupa, nikamwambia ni ya chumvi. Akafumba macho, akayafumbua, akaitazama tena chupa. Kisha nikaona mkono wake wa kulia unaanza kutembea juu ya shuka, taratibu, kuelekea ule wenye sindano. Ulifika katikati ya kifua na kusimama hapo.

"Kudura, nishikie huu mkono," akasema. "Huu ndio uliochomoa."

Nikaushika kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa ukivuta, na Mama mwenyewe alikuwa akiusukuma urudi kwangu. Tuliitazama ile chupa, jua likiipiga na buibui likiwa nyuma yake, sote wawili tukiogopa, mpaka tone la mwisho likashuka.